Mabati nunua mwenyewe, fundi mlipe kidogo kidogo

KABAMBARE — Mvua inapokatika mwezi wa sita, sauti ya nyundo inaanza kusikika kila pahali upande huu wa kusini mwa Maniema. Njia ya Kasongo inakauka, malori yanafika tena bila kulala katika matope, pikipiki zinaingia vijijini na mabati yamefungwa nyuma, na kila aliyeuza mpunga, karanga ao dhahabu kidogo anapiga hesabu: mwaka huu nyumba itafunikwa, ao itangoja tena? Muda ni mfupi. Mwezi wa tisa mvua inarudi, na mvua ya Maniema haibishi hodi.

Ni katika miezi hiyo mitatu ndipo familia nyingi zinapoteza feza zilizokusanywa kwa miaka mitatu ao minne. Mwizi wa usiku angepigiwa kelele. Huyu anakuja mchana, anapewa kiti, anapewa chakula, anapima nyumba kwa kamba, anataja bei, anapokea avansi. Kisha anaenda kutafuta mbao, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mwingine hakimbii na feza. Anafanya kazi mpaka mwisho, anashukuriwa, na mvua ya kwanza ndiyo inaonyesha kwamba misumari iliingia pahali pasipofaa, mbao zilikuwa mbichi, na kati ya mabati 30 yaliyonunuliwa, 8 yalifunika nyumba nyingine.

Kwa mkaaji mwenye parseli yake, ndugu zake na shamba lake, hasara hiyo inauma lakini anaweza kuinuka. Kwa familia iliyohama ni jambo lingine. Watu waliokimbia mapigano ya kuzunguka Salamabila na Namoya, ambako kampuni ya Banro ilisimamisha uchimbaji wa dhahabu mwaka 2019 kwa sababu ya usalama mbaya, na wale waliotoka upande wa Fizi, wengi walianza maisha mapya chini ya shitingi ya msaada. Shitingi haikupangwa kwa miaka. Jua linaikausha, upepo unaipasua, na watoto wanalala wamekaa. Kutoka shitingi kwenda bati ni hatua ambayo familia nyingi zinaweza kuipiga mara moja tu: feza za likelemba, mbuzi aliyebaki, kidogo kilichotumwa na mtoto aliye Kalemie ao Bukavu. Hakuna feza ya pili ya kurekebisha makosa ya ile ya kwanza. Tena mgeni hajui fundi yupi alishamharibia nani. Mafundi wabaya wanajua hilo vizuri. Wenyeji wakishawachoka, wanakwenda kwa wageni.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini watu wenye akili, waliovuka pori usiku na watoto mgongoni, wanadanganywa na mtu mwenye nyundo? Jibu liko juu ya paa lenyewe. Nyumba ya nyasi haikuwa na siri. Karibu kila mwanaume wa kijiji alijua kufunga nyasi, na kila mwanamke alijua kuangalia kama zimefungwa vizuri. Fundi mvivu alichekwa siku ile ile. Bati limekuja na ufundi ambao mwenye nyumba hawezi kuusoma. Kwa macho, paa lililopigiliwa vibaya linang'aa sawasawa na lile lililopigiliwa vizuri. Basi watu wanamchagua fundi kwa mambo mengine wanayoweza kuyapima: anasali wapi, ni mtoto wa nani, anaongea namna gani, bei yake iko chini kiasi gani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalozuia maji.

Bei ya chini ndiyo inayodanganya zaidi. Mafundi watatu wakitaja bei zinazokaribiana na wa nne akataja nusu yake, wengi wanamwona huyo wa nne kama zawadi ya Mungu. Afadhali kujiuliza atakula nini siku zote za kazi. Kama hali kwenye malipo yake, atakula kwenye mabati, kwenye misumari ao kwenye mbao.

Halafu kuna ndugu. "Kwa nini nimpe mgeni kazi, na mwipwa wangu anajua kupaua?" Neno hilo ni zuri, na mara nyingi mwipwa huyo ni fundi kweli. Shida ni kwamba mbele ya ndugu watu wanaona haya kuhesabu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna tarehe, na kazi ikiharibika hakuna wa kushitakiwa, kwa sababu nani atampeleka mtoto wa dada yake kwenye barza ya shefu? Anayempa ndugu kazi ahesabu kama anavyohesabu kwa mgeni, na amwambie mapema, mbele ya mama yake. Ndugu mwaminifu hatakasirika. Mabati yakihesabiwa, yeye pia amekingwa: kesho hakuna jirani atakayemsingizia.

Fundi hajulikani kwa maneno yake. Anajulikana kwa paa alilolifanya miaka miwili ao mitatu iliyopita, si lile la mwezi jana. Kila paa ni zuri mwezi wa saba. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza bei, mwenye nyumba amwombe fundi amwonyeshe nyumba tatu alizozipaua ambazo zimeshapita misimu ya mvua, kisha aende huko peke yake, bila fundi. Aingie ndani mchana, mlango ufungwe, atazame juu: matundu yanaonekana kama nyota. Atazame ukuta kwa ndani, juu karibu na mbao, kama kuna mistari ya maji. Amwulize mama wa nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayehamisha sufuria usiku mvua inaponyesha. Aulize pia swali moja ambalo watu wanalisahau: "Mlipomwita arudi kurekebisha, alirudi?" Fundi aliyekosea na akarudi ni bora kuliko yule anayesema hajawahi kukosea.

Akiwa pale, atoke nje aangalie misumari. Bati lina migongo na mifereji. Maji yanapita katika mfereji. Kwa hiyo msumari unaingia juu ya mgongo, usiingie kamwe katika mfereji. Chini ya kofia ya msumari kuna mpira. Kama misumari ilikuja bila mpira, fundi mwenye roho anakata vipande vya shamberi ya baiskeli na kuviweka kimoja kimoja. Mahali bati linapolaliana na mwenzake pawe na mgongo mmoja na nusu ao miwili, na mdomo wa bati la juu usitazame upande unakotoka upepo wa mvua. Mtu hahitaji shule kuyaona hayo. Anahitaji nusu saa na shingo isiyochoka.

Aangalie pia paa linapita ukuta kwa kiasi gani. Nyumba nyingi hapa ni za matofali mabichi, na matofali mabichi yanakufa kwa maji ya kuruka. Paa lipite ukuta kwa nusu mita. Fundi anayepunguza sehemu hiyo ili mabati yatoshe anaokoa bati moja leo na kuua ukuta baada ya miaka miwili.

Sasa jambo lenyewe. Katika Kabambare imekuwa desturi kumwachia fundi yote: feza zote mkononi mwake, yeye anunue mabati, yeye anunue mbao na misumari, yeye asafirishe, yeye apigilie. Sababu zinaeleweka. Depo iko mbali, mwenye nyumba hajui bei, fundi anasema ana rafiki Kasongo atakayempunguzia. Desturi hiyo iachwe. Mtu mmoja akinunua, akasafirisha, akahesabu na akafanya kazi, hakuna jicho la pili popote. Hata malaika angejaribiwa. Kununua vifaa kuwe kazi ya mwenye nyumba, na kupigilia kuwe kazi ya fundi. Mwenye nyumba asiyeweza kusafiri amtume mtu wake pamoja na fundi, mtu ambaye halipwi na fundi, na faktire iandikwe kwa jina la mwenye nyumba, na hesabu ya mabati, urefu wake na namba yake.

Namba hiyo ni ya maana. Madukani watu wanasikia "bati 32", "bati 30", "bati 28", na wengi wanadhani namba kubwa ni bati kubwa. Ni kinyume. Kadiri namba inavyopanda, bati linakuwa jembamba zaidi. Bati la 28 ni zito kuliko la 30, na la 30 ni zito kuliko la 32. La 32 linakunjika kwa mkono, linabonyea mtoto akipanda kuchukua mpira, na msumari unalipasua upepo ukivuma. Wako wanaolipa bei ya 28 na kuletewa 32, na kwa kuwa yote yanang'aa hakuna anayejua. Dawa yake haina gharama: kwenye depo lishikwe bati la kila namba moja baada ya lingine, kwa mikono miwili, kabla ya kulipa. Mikono ya mtu aliyebeba mihogo maisha yake yote inajua uzito. Kama feza hazitoshi kwa 28, kununua la 30 ni uamuzi wa kueleweka. Kubaya ni kulipia hili na kupewa lile.

Hesabu ya mabati nayo isiachwe kwa fundi peke yake. Kwa mfano, nyumba ina mita 7 kwa urefu na mita 4 na nusu kwa upana, paa lake ni la pande mbili, na bati ni la mita 3. Paa likipita ukuta kwa nusu mita huku na huku, urefu wake ni mita 8. Bati moja likishalaliana na mwenzake linafunika karibu sentimita 75. Mita 8 zinahitaji basi mabati 11 upande mmoja, 22 kwa pande zote mbili, kwa sababu urefu wa mita 3 unatosha kutoka mgongo wa nyumba mpaka kupita ukuta. Juu yake fetiere, ile ya kufunika mgongo wa nyumba, vipande 5 vya mita 2. Fundi akileta devi ya mabati 24, anaweza kuwa anaogopa bati kuharibika njiani, aeleze. Akileta ya 30 kwa nyumba hiyo hiyo, mwenye nyumba anyamaze kidogo na amwombe achore chini kwa kijiti kila bati litakaa wapi. Paa la pande nne linakula mabati zaidi kwa sababu ya kukata, na hilo pia fundi wa kweli atalichora bila hasira.

Mabati yakifika, yahesabiwe mbele ya watu watatu na kila moja liandikwe alama kwa rangi upande wa ndani. Jioni yahesabiwe tena. Wengine watasema huko ni kumfanya fundi mwizi. Lakini bati ni mali, na mali inajaribu hata wakubwa: huko Uganda, mwaka 2023, mawaziri watatu walifikishwa mahakamani juu ya mabati yaliyopangwa kwa watu wa Karamoja. Na hapa nchini, kazi za PDL-145T, programu ya serikali kwa teritware zote 145, ziligawanywa kwa PNUD, BCECO na CFEF, zenye mainjinia na makarani, na bado wakaaji wa sehemu nyingi wamelalamika juu ya majengo yanayochelewa. Kama serikali inahitaji kufuatilia hivyo, mjane wa kambi asione haya kuhesabu mabati yake 22.

Kuhusu sharpanti, maneno machache. Mbao mbichi zinajikunja zikikauka, na zikijikunja zinalegeza misumari; zinunuliwe mapema, zipangwe juu ya mawe kivulini, zipakwe mafuta machafu ya moteri kwa ajili ya mchwa. Na sharpanti ifungwe kwenye ukuta kwa waya ulioingizwa chini ya mistari kadhaa ya matofali. Ule upepo unaotangulia mvua ndio unaobeba mapaa, na paa lililowekwa tu juu ya ukuta kama kofia linaruka kama kofia. Mabati yanayoruka yanakata watu. Fundi akiulizwa, "Paa utalifunga na nini?" na akacheka, atafutwe mwingine.

Malipo ya kazi yagawanywe. Hakuna fundi anayestahili kupokea nusu kabla hajagusa mbao. Kama bei ya kazi ni dola 100, njia inayofaa ni kutoa 10 siku ya kuanza, 40 sharpanti ikisimama na kufungwa, 30 mabati yakiisha kupigiliwa, na 20 za mwisho baada ya mvua ya kwanza kubwa. Hizo 20 ndizo zinazomrudisha fundi na ngazi yake. Wenye haraka wanalipa zote siku ya kumaliza, kwa furaha, na soda juu yake. Mwezi wa tisa wanamtafuta mpaka Wamaza.

Lakini mafundi nao wana kilio, na ni haki kisikilizwe. Wapo wenye nyumba wanaoahidi 100 na kutoa 60, wakijua fundi hana wa kumtetea. Wapo wanaobadilisha kazi katikati: chumba kimoja zaidi, barza ya mbele zaidi, kwa bei ile ile. Wapo wanaomlipa kwa mbuzi ambaye siku ya makubaliano alikuwa mnono. Na mafundi wengi wazuri wa leo ni wakimbizi wenyewe. Walikimbia bila vyombo, wanakodi nyundo na msumeno, na ndiyo maana wanaomba avansi kubwa. Mtu asiyekuwa na msumeno si lazima awe mdanganyifu. Dawa hapa ni mwenye nyumba kukodi chombo mwenyewe ao kulipa aliyekikodisha moja kwa moja, kisha kikatwe kwenye malipo. Avansi ya kununua chakula cha nyumba ya fundi ni halali, iandikwe tu. Anayemkopa fundi jasho lake asishangae fundi akijilipa kwa misumari.

Liko jambo moja linalowahusu waliohama peke yao, na halizungumzwi vya kutosha. Wengi wanajenga juu ya parseli waliyoazimwa. Mwenyeji mwenye moyo mwema aliwaonyesha kipande nyuma ya nyumba yake na kusema, "Jengeni hapa." Hakuna aliyeuliza: siku amani ikirudi na familia ikarudi kwao, bati ni la nani? Wakati wa shitingi swali hilo halikuwa na uzito. Bati 22 zikiwa juu, lina uzito. Mwenyeji anaweza kuona kwamba paa ni malipo ya kukaa kwa miaka. Familia inaona ni mali yake ya mwisho. Wote wawili wana sababu, na ugomvi unaanza siku ya kuaga, siku ambayo ingekuwa ya shukrani. Kabla fundi hajaitwa, maneno hayo yasemwe na yaandikwe mbele ya shefu wa kijiji: mabati ni ya fulani, ataondoka nayo, ama ataacha kadhaa kama shukrani, na hesabu itajwe. Fundi pia ajue, kwa sababu anayejua paa litang'olewa siku moja anaweza kupunguza kukata mabati na kuyapigilia kwa namna ambayo hayatachanika yakitolewa. Familia isiyoweza kupata makubaliano hayo ingoje kwanza, hata kama mvua iko karibu.

Na pale shirika linapotoa mabati ao feza za kupaua, kanuni ni ile ile, pamoja na moja zaidi: msaada ni bure. Hakuna anayelipa ili jina lake liandikwe kwenye liste, wala fundi hastahili kudai "kidogo cha juu" kwa familia wakati shirika limeshamlipa. Mashirika yenyewe yangefanya vema kutangaza hadharani, kwa redio na kwenye barza, familia inapata mabati mangapi, fundi analipwa na nani na kiasi gani. Watu wakijua hesabu, mkato katikati unakuwa mgumu. Kina mama wanaoongoza nyumba peke yao waitwe kuhesabu wenyewe. Mara nyingi fundi anaongea na shemeji, shemeji anatia sahihi, na mama anaonyeshwa paa likiwa limekwisha.

Karatasi, basi. Watu wengi wanadhani karatasi bila muhuri wa serikali ni kazi bure. Sheria ya Kongo inasema vingine. Kifungu cha 33 cha dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ya zamani kuliko babu zetu na bado inatumika katika tribinali zetu, kinasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Ukurasa wa daftari la mwanafunzi unatosha: majina mawili, kijiji, vipimo vya nyumba, hesabu ya mabati na namba yake, bei ya kazi, namna ya kulipa, siku ya kuanza na ya kumaliza, nani analisha wasaidizi, nini kitafanywa paa likivuja. Usomwe kwa sauti kwa Kiswahili, sio kwa Kifaransa ambacho hakuna aliyepo anakielewa. Asiyejua kuandika aweke kidole. Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, na nakala mbili.

Ila karatasi bila mahali pa kuipeleka inabaki ya kuwashia moto, na hapa mashefu wana deni. Kwa nini kila barza ya shefu haina daftari la mafundi? Shefu anaandika ndoa, anaandika mashamba, anaandika nani ameingia kijijini. Haitamchosha kuandika kwamba fundi fulani alipaua nyumba fulani mwezi fulani, na mwaka uliofuata kuongeza neno moja: linavuja, ao halivuji. Mkimbizi aliyefika jana angeuliza na kujibiwa. Fundi mzuri angepata kazi bila kuzungukazunguka na komisioneri. Fundi mbaya angejua kwamba jina lake linamtangulia. Wengine wataogopa daftari kugeuka chombo cha kuomba rushwa, kila neno zuri likinunuliwa. Hofu hiyo si ya bure. Ndiyo sababu liandikwe siku ya barza, mbele ya watu, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aseme, akisimama, na jirani zake wanasikia. Ni vigumu kusema paa halivuji mbele ya jirani aliyekuazima ndoo.

Kamati za wakimbizi wa ndani zingeweza kuanza bila kungoja shefu yeyote. Zinajua nani alipaua wapi, na zina watu waliokuwa mafundi huko walikotoka. Mzee mmoja wa aina hiyo, hata asiyeweza tena kupanda ngazi, akilipwa kidogo ili apite jioni kutazama kazi ya siku, ni msaada kuliko maneno mengi. Atagonga mbao, atatikisa sharpanti, atahesabu misumari kwenye bati moja. Fundi kijana akijua mzee atapita saa kumi na moja, hata mkono wake unabadilika.

Kiangazi hiki bado kina wiki kadhaa. Mwenye mabati ndani na fundi hajapatikana bado anaweza kutembea kuona mapaa ya zamani, hata kwa miguu mpaka kijiji cha pili. Na ambaye paa lake limeisha juma hili, akiwa ameweka zile 20 za mwisho, mvua ya kwanza itakapopiga asilale. Achukue tochi, apite chumba kwa chumba, aweke alama ya makaa ukutani chini ya kila tone, na asubuhi amwite fundi kabla alama hazijafutika.